Mia Sita Kumi na Nne Bado Yuko Chini

Tangu nirudi kazini hamnipi nafasi ya kupumua. Kila zamu, kabla sijashika hata mkono wa mashine, mmeshanizunguka: "Mama Kapinga, ni kweli ulishuka chini ya bahari? Uliona samaki gani?" Samaki! Nimechoka kujibu nusu nusu huku msimamizi ananikodolea macho. Sasa nimeandika. Someni, mpeane. Ya viza na mihuri siyaandiki, maana yatanipandisha hasira upya, na mshtuko wa hayo mengine bado haujanitoka.

Manika: msumari wa mlangoni

Karatasi hizi zitafika kwa wasionijua, kwa hiyo nijitaje. Mimi naendesha kaji, lile sanduku la chuma linaloshusha wachimbaji mgodini na kuwapandisha. Kwetu Kolwezi kila mchimbaji ana jeton, kisahani cha shaba chenye namba yake. Kabla ya kushuka anaitundika kwenye ubao. Akipanda anaiondoa mwenyewe. Ikibaki ubaoni, mtu bado yuko chini, na zamu haifungwi. Hakuna anayegusa ya mwenzake. Mtu akifia chini, ni damu yake tu inayoiondoa. Niliwahi kumwona mama mmoja aliyeletwa kutoka sokoni, unga bado mikononi, akaondoa ya mwanawe mbele yetu wote. Sitaki kuliona tena jambo lile.

Nyumbani kwetu Manika kuna jeton moja kwenye msumari kando ya mlango, namba 614. Ni ya baba yake Kambo, na Kambo ndiye bibi yangu aliyenilea. Wakati wa vita vya pili vya wazungu, baba yake alitolewa mgodini akapewa kazi ya kusindikiza treni ya shaba hadi baharini, Lobito. Asubuhi ya kuondoka alipiga msumari, akatundika jeton, akamwambia mkewe, "Mi nashuka. Mupaka niitoe mi mwenyewe, usifunge mulango." Kambo alikuwa mgongoni mwa mama yake, hajaota jino hata moja.

Hakurudi. Ndugu zake wakasema amepata mwanamke Angola. Asiyekuwapo na lake halipo: walichukua shamba lake, wakachukua baiskeli yake, na jina lake wakalitupa. Mkewe hakupewa pole kama mfiwa, hakutakaswa ujane, hakuweza kuolewa tena, kwa sababu mume hakuwa maiti wala hakuwa hai. Alikufa akiitwa mke aliyeachwa.

Kambo alikataa maneno yale maisha yake yote. "Mutu mwenye kukimbia hatundike jeton," anasema. Tumehama nyumba tatu, na msumari tumehama nao. Sisi wajukuu tulijua kuandika 614 kabla ya kuandika majina yetu. Na nikiri hapa: mimi sikumwamini. Nilijisemea, huyo mzee alikuwa mwanaume kama wanaume wengine, alifika pwani akakutana na mwanamke anayejua kupika samaki, basi.

Halafu wakaja Kolwezi watafiti wanaotafuta meli zilizozamishwa vitani. Walikuwa na picha za vipande vya shaba vilivyolala chini ya bahari mbele ya Lobito, vikiwa na mhuri wa kiwanda chetu cha zamani. Nilikaa nao siku nzima nikiwaeleza mihuri ile. Kiongozi wao anaitwa Marta, mwanamke mfupi wa Kireno anayeongea Kifaransa, naye ndiye anayeendesha nyambizi yao ndogo. Alinionyesha orodha ya wafanyakazi wa meli ile. Mwishoni kabisa, chini ya majina ya Wazungu, palikuwa na mstari mmoja: mtu wa Kongo, mchoma makaa, amechukuliwa Lobito. Jina hakuna. Shaba waliandika kila kipande na uzito wake, mtu hawakumwandika!

Marta akasema kiti kimoja kipo ndani ya nyambizi. Nilimpelekea Kambo habari kitandani, maana kifua kilikuwa kinambana na daktari alishatuambia tusimwache peke yake.

"Enda," akasema. "Ukikuta alikufia kule, ulete habari. Ukikuta alioa, ulete pia. Usinifiche kitu juu ya kuwa mi ni muzee. Na wewe uende mbio, sina siku mingi."

Kolwezi hadi Dilolo: mahali pa kupiga hodi

Nilipanda lori la Tata Saidi (tata kwetu ni baba, au mzee yeyote wa kuheshimiwa), mchukuzi ambaye wazee wake walitoka upande wa Kasongo. Mtu mpole, kofia nyeupe, sauti ndogo. Barabara ile mnaijua kwa kusikia. Mimi nimeijua kwa kiuno. Kabla ya Mutshatsha tulikwama mara mbili, baada ya Mutshatsha nikaacha kuhesabu. Mvua ilikuwa imechukua mbao za daraja, tukakaa siku mbili tukingoja zirudishwe. Tulikula bukari, ule ugali wetu, na samaki tomson wa kukaanga mpaka tomson akaisha, kisha tukala bukari na chumvi.

Tulipovuka hatimaye, njia ikanyooka, nikashukuru Mungu. Mwendo wa saa moja tu, Tata Saidi akazima injini katikati ya pori. Akashuka. Akasimama kando ya barabara, mikono imefunguliwa mbele ya kifua, midomo inacheza. Nami nikapandwa na jazba. Nilichungulia dirishani nikapaza sauti, "Tata, Kambo wangu anakufa na wewe unasimama kutazama majani? Sala si umeshamaliza pale darajani?"

Abiria wote wakaniangalia. Mama mmoja akanivuta kitenge.

Tata Saidi alimaliza, akapanda, akanijibu bila hasira. "Mama, pale lori ya ndugu yangu ilipinduka. Mutu akikufia njiani, ile njia inakuwa nyumba yake. Hauwezi kupita mu nyumba ya mutu bila kupiga hodi."

Aibu iliyonishika, jamani! Nilimwomba msamaha mpaka Kasaji. Akaniambia yameisha, akanipa chai na chapati mbili baridi, akaniuliza naenda kutafuta nini huko mbali. Nikamweleza. Akasema, "Ukifika, na wewe upige hodi."

Luau hadi Lobito: shaba kwanza

Dilolo unavuka mpaka tu, uko Luau ya Angola, na lugha imebadilika ukiwa umeshika begi lile lile. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi ileile. Ikaja nyingine baada ya siku tatu. Nikalala kwa masista, nikala funje, ambayo ni ndugu ya bukari aliyeloweshwa na mvua.

Ndani ya behewa alikaa mbele yangu dada mmoja mwenye mtoto mchanga na sahani ya funje na samaki. Akanitazama, akatabasamu, akanikabidhi sahani. Nikasema moyoni, ona ukarimu wa watu hawa! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikala. Nilikuwa na njaa, sikuacha hata mfupa. Nilipoinua kichwa dada amesimama, amemaliza kumfunga mtoto mgongoni, ananyoosha mikono kupokea sahani yake. Alikuwa amenipa nimshikie! Behewa zima lilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Nilimpa karanga zangu zote na kitenge kimoja, naye akanipigapiga begani njia nzima kama anayembembeleza mgonjwa.

Lakini kilichonishtua zaidi ni hiki. Mara kwa mara treni yetu iliwekwa pembeni, tunasimama juani saa moja, saa mbili. Tunangoja nini? Treni ya mizigo ipite. Nikachungulia. Kwenye mabehewa yale, bati juu ya bati, shaba. Shaba yetu! Ile ile ninayoisikia ikitoka ardhini kila siku. Sisi watu tumewekwa kando, watoto wanalia joto, shaba inapita mbele. Nikamfikiria mzee wetu kwenye reli ileile, amekaa juu ya mzigo, amemwacha mkewe mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Juu ya maji

Bahari sitaieleza. Mtu aliyezaliwa Kolwezi anaona shimo la mgodi wa wazi anadhani ameona ukubwa. Nilisimama bandarini mdomo wazi mpaka Marta akanishika mkono.

Kwenye meli yao nilitapika siku tatu, na siku hizo tatu hatukushuka kwa sababu ya mawimbi. Aliyeniokoa ni mpishi, Domingos, Mwangola aliyekimbilia kwetu akiwa mtoto wakati wa vita vyao. Aliposikia nimesema "yoo, mamaa" nikiwa nimeinama kwenye ndoo, alitoka jikoni mbio.

"Mama, weye ni wa kwetu! Mi nilikulia Dilolo!"

Akanipikia uji mwembamba wenye ndimu, akanisimulia Dilolo nzima, na mimi nikacheka tumbo likiniuma.

Siku ya nne maji yalitulia. Marta akaniambia tunashuka. Nyambizi yenyewe ni kama yai la chuma lenye dirisha la duara, watu wawili mnakaa magoti yamegusana. Nikavaa koti, nikashika shingo yangu, na hapo nikakumbuka: jeton yangu ya kazini ninayo, kwenye kamba ya shingoni. Na ubao uko wapi? Nikauliza. Hawakuelewa. Wana redio, wana kompyuta, wana karatasi ya majina, ubao hawana! Mimi miaka kumi na tisa sijawahi kuona mtu akishuka bila kutundika. Mlangoni mwa jiko palikuwa na ndoano ya kutundikia aproni. Nikatundika pale jeton yangu, nikashusha pumzi, nikaingia ndani ya yai.

Chini

Kijani, bluu, kisha hakuna kitu. Nilidhani nimezoea giza, lakini giza la mgodini lina harufu, lina watu, lina maji yanayodondoka. Lile halina chochote. Tulishuka zaidi ya mara mbili ya kina cha mgodi wetu, na Marta anakula biskuti!

Kisha taa ikagusa ukuta wenye kutu iliyoning'inia kama vitambaa. Meli. Imekatika katikati, nusu imelala ubavu. Shaba yetu ilikuwa imemwagika mchangani, vipande kwa vipande, vya kijani, na mhuri unasomeka. Nikaweka kiganja kwenye kioo nikasema, "Hodi." Marta akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia salamu tu.

Akazungusha chombo taratibu hadi pale meli ilipokatika, ambapo unaona ndani kama unavyoona nyumba iliyoanguka ukuta. "Hiki ni chumba cha makaa," akasema. "Na ule mlango wake. Kuna kibati pale tulikipiga picha mara nyingi. Tunadhani ni namba ya bomba, ila kwenye ramani ya meli bomba hilo halipo."

Mlango wote ulikuwa umevaa wadudu na kutu. Kwenye komeo, kwa waya, kilining'inia kipande cha shaba kisafi, maana wadudu wa baharini hawapendi shaba. Kilikatwa kwa mkono, kimepinda, tundu juu. Namba ilipigwa kwa ncha ya msumari, kitone kwa kitone.

614.

Ndugu zangu, nilipiga kelele. Sikuita Mungu, sikuita mama. Niliita ile namba. "Mia sita kumi na nne! Mia sita kumi na nne! Yuko chini! Bado yuko chini!" Nilipiga kioo kwa ngumi. Kifaransa chote kilinitoka kichwani. Na Marta, maskini, afanye nini? Amefungiwa ndani ya yai na mwanamke anayepiga dirisha chini ya bahari. Alidhani kina kimenitia wazimu. Akaachia uzito, na chombo kikaanza kupanda.

"Apana! Apana! Turudi!" nilimwambia, na yeye ananishika mkono, ananiambia pumua, mama, pumua. Mlango ukawa mdogo, kibati kikawa kitone, giza likakifunika. Nilimwona mzee wetu kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, baada ya miaka yote ile, na sikumwambia hata neno moja.

Nilitoka kwenye yai. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni ndoano yangu.

Jeton haikuwepo.

Domingos akatokea na sahani ya wali, na jeton yangu imewekwa ukingoni, inang'aa. Aliiona chafu, akaisugua kwa ndimu na majivu, akitaka kunifurahisha. "Mama, ona vile inawaka!"

Sijui nilichosema mwanzoni. Najua sahani ilianguka. "Uliniondosha na mi niko bado chini!" nilimwambia. "Nani alikutuma? Uko damu yangu? Mi nilikufa?" Nikamweleza yote hapo hapo, nikilia, jeton ni nini, ubao ni nini, yule mama wa unga mikononi. Domingos alikaa chini sakafuni kwenye wali uliomwagika, akashika kichwa. Kisha akasimama, akafuta jeton kwa shati lake, akairudisha kwenye ndoano kwa mikono miwili.

"Itoe wewe mwenyewe, mama," akasema. "Panda vizuri."

Nikaitoa. Moyo ukashuka.

Marta alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote ule, na Domingos akamtafsiria kwa Kireno. Alitazama ndoano, akanitazama mimi, rangi ikamtoka. "Kile kibati," akasema polepole. "Kwenye mlango wa makaa."

"Ndiyo," nikamjibu. "Alikuwa ndani. Jeton yake aliiacha nyumbani, akajikatia nyingine ya kushukia."

Baadaye akaniambia angeweza kuomba ruhusa, ashuke tena, akichukue kwa ule mkono wa chuma wa nyambizi, nimpelekee Kambo. Nikafikiri sana, sitawadanganya, nilitaka. Lakini mkono wa chuma si damu yake. Nikamwomba picha tu.

Manika tena

Njia ya kurudi sikuiona. Niliomba Mungu kitu kimoja, nimkute Kambo anapumua.

Nilimkuta amekaa kitandani, amekonda, macho yako mlangoni. Ndani walijaa watu wa ukoo, na Tata Kalonji alikuwepo pia, mjukuu wa wale ndugu waliosema mzee alikimbia. Sikusalimia mtu. Niliweka picha kwenye mapaja ya Kambo.

Macho yake hayaoni vizuri, ila namba ile hahitaji macho mazuri kuijua. Alipitisha kidole juu ya vitone, kimoja kimoja.

"Alitundika wapi?"

"Ku mulango wa moto, Kambo. Kwenye kuchoma makaa ya meli."

"Alishuka kazini."

"Ndiyo. Na meli ikazama naye ndani."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimgeukia Tata Kalonji, akamtazama tu, na yule mzee mwenye mvi akavua kofia, akapiga magoti mlangoni bila kuambiwa. Kisha Kambo akasema, "Munisimamishe. Mi ndio damu yake."

Tulimshika kwapani mimi na dada yangu. Mzito hakuwa, mifupa tu. Akafika kwenye msumari. Jeton ikagonga ukuta mara mbili tatu kabla haijatoka, na pale ilipokuwa pakabaki duara jeupe.

"Tata," akasema, "zamu imekwisha. Panda."

Hapo ndipo alipokaa chini, akanyoosha miguu mbele kama wafiwa wanavyokaa, na mwanamke yule wa miaka themanini na zaidi akamlilia baba yake kwa sauti ya mtoto. "Tataa! Tataa, uliniacha mu mugongo!" Majirani walikuja mbio wakiuliza nani amekufa. Tukawaambia ni baba yake Kambo. Walishtuka, wakatutazama kama wagonjwa, kisha wakasikia habari, wakaingia, wakakaa. Matanga yalifanywa siku tatu, moto ukawashwa uani, na bukari haikutosha.

Siku ya nne Kambo alisema apelekwe makaburini kwa mama yake. Kifua kilikuwa bado kinambana, tukambeba kwenye kiti. Aliinama, akachimba kidogo kwa vidole, akazika jeton kichwani mwa kaburi, akausawazisha udongo kwa kiganja.

"Mama," akasema, "haukuachwa. Ulifiwa."